Santuri za shelaki kwenye mashine ya kisasa: tugeuze nini, tuache nini?

Mtu mwenye santuri za kale za shelaki (aina ya utomvu mgumu) na mashine ya kisasa ya kuzichezea huambiwa mambo mawili yanayopingana. Wapo wanaoshauri mashine ibadilishwe hadi izungushe santuri mara 78 kwa dakika, kama zamani. Wapo wanaosema usihangaike: zicheze kwa 45, rekodi kwenye kompyuta, kisha programu iongeze kasi. Pande zote mbili zina hoja, ila naona zote zinaanza na kasi wakati jambo la kwanza ni sindano.

Mtaro wa shelaki ni mpana. Sindano inayouzwa na mashine ya leo imechongwa kwa mitaro myembamba iliyoingia na santuri ndefu za Columbia mwaka 1948: nusu kipenyo cha ncha yake ni takriban maikroni 18, na shelaki huhitaji kama 76. Ncha nyembamba haishiki kuta za mtaro zilizobeba sauti. Inazama hadi chini, kwenye vumbi na mikwaruzo ya miaka mingi, na unachosikia ni mchachariko kama wa mafuta kikaangoni, mwimbaji akiwa mbali nyuma yake. Badilisha sindano peke yake, uiongezee uzito kwa kadiri katriji yake (kifaa kidogo kinachobeba sindano na kugeuza mtetemo wake kuwa umeme) inavyoruhusu, mara nyingi kati ya gramu 3 na 5, na mwimbaji anasogea mbele. Katriji nyingi hukubali kuchomolewa sindano na kuchomekwa nyingine, kwa hiyo kazi yenyewe ni ya dakika chache.

Sasa kasi. Njia ya 45 haigusi mota, na santuri iliyopinda hunufaika kwa sababu sindano inapanda na kushuka taratibu bila kuruka. Ina gharama yake, hata hivyo. Amplifaya za leo husawazisha besi na sauti nyembamba kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za rekodi cha Marekani, iliyokubaliwa katikati ya miaka ya 1950, baada ya shelaki nyingi kutengenezwa. Ukicheza polepole kisha ukaharakisha mara 1.73, usawazishaji huo unaangukia masafa yasiyo yake, na ni lazima uutengue kwenye programu. Hata mvumo wa umeme wa hezi 50 unapanda hadi karibu 87. Na kubwa kwangu ni hili: huwezi kuweka santuri ukakaa ukaisikiliza.

Wanaotetea 78 wanatoa raha hiyo papo hapo. Lakini 78 yenyewe si kipimo cha kutegemewa, hasa kwa santuri zilizorekodiwa kabla ya maikrofoni kuingia studio mwaka 1925. Iliyokatwa kwa 74 ukiicheza kwa 78, sauti ya mwimbaji inapanda karibu nusu toni nzima. Ndiyo maana naipenda zaidi mashine yenye kidhibiti cha kurekebisha kasi kuliko ile iliyofungwa kwenye 78 tupu. Kuzungushia utepe kwenye kapi ya mota ili mkanda uende mbio sikushauri: utepe ukinenepa upande mmoja, noti ndefu ya fidla inayumba kila mzunguko.

Kuna kitufe kingine kinachosahaulika, cha mono. Sauti ya shelaki nyingi imechongwa kwenda kushoto na kulia tu. Ukiunganisha chaneli mbili, sehemu kubwa ya kelele zinazotokana na sindano kupanda na kushuka zinafutana. Usafishaji nao usifanywe kwa spiriti, kwani alkoholi huyeyusha shelaki.

Ningekuwa na kasha la santuri mbele yangu, zilizo nzima ningezicheza kwa sindano pana na kasi inayorekebishika, nikitafuta kwa sikio pale sauti ya mwimbaji inapokuwa ya binadamu wa kawaida. Zilizopinda au zenye ufa ningezipeleka kwenye 45 na kompyuta, maana huenda zisistahimili kuchezwa mara ya pili.