Sentensi Ipi? Kuhusu Nathari ya Mapenzi ya Vampaya

Mtu akiniambia kwamba riwaya za mapenzi ya vampaya, wafu wanaoishi kwa kunywa damu, zimeandikwa vibaya, mimi humwuliza: sentensi ipi? Mara nyingi hana. Amesikia tu kwamba ni vitabu vya wasichana wa shule, vimeuzwa kwa mamilioni, vina mvulana mwenye ngozi baridi na msichana anayemwota usiku na mchana, basi hukumu imetoka kabla kitabu hakijafunguliwa. Mgeukie shabiki, naye hana sentensi. Atakuambia kitabu kilimkosesha usingizi, alilia, alimaliza akaanza upya. Namwamini kabisa, lakini maelezo hayo yananijulisha habari zake yeye zaidi ya habari za kitabu.

Nathari hukaguliwa mshono kwa mshono. Nazipenda riwaya hizi, na kwa kuwa nazipenda nataka zisomwe kwa ukali ule ule tunaousomea vitabu vinavyoitwa vya maana. Anayezidharau na anayezitetea kwa kusema "ni burudani tu" wananiudhi kwa kiwango kimoja. Wote wawili wameamua kwamba msichana wa miaka 15 hastahili kuandikiwa vizuri.

Nianze na Twilight ya Stephenie Meyer, kwa sababu tangu itoke mwaka 2005 ndiyo iliyobebeshwa lawama za utanzu mzima. Mwaka 2009 Stephen King, mwandishi mashuhuri wa riwaya za kutisha, alisema hadharani kwamba Meyer hajui kuandika, na kauli hiyo inarudiwa hadi leo kama hukumu isiyo na rufaa. Wanaoirudia huacha sehemu nyingine ya maneno yake: King alikiri pia kwamba Meyer anakiandikia kizazi kizima cha wasichana, na kwamba anawafungulia mlango wa mapenzi na mwili kwa namna isiyowatisha. Mtu hawezi kufanya kazi hiyo bila sentensi. Kwa hiyo tuzitazame.

Fungua sura ya kwanza, darasa la biolojia. Bella Swan ni mgeni shuleni katika mji mdogo wa Forks, jimbo la Washington, Marekani. Anaketi meza moja na Edward Cullen, ambaye ni vampaya, ingawa Bella bado hajui. Edward anakakamaa. Anajisogeza hadi ukingoni mwa kiti, anageuza uso kana kwamba kuna uvundo, ngumi imekunjwa juu ya paja, macho meusi yamejaa chuki. Bella anafanya nini? Ananusa nywele zake. Zinanukia stroberi, harufu ya shampuu anayoipenda.

Hapo hakuna neno hata moja la kujivunia. Ni lugha ya kila siku, ya binti anayejishuku. Lakini angalia kazi inayofanyika. Bella anadhani ananuka, na kumbe ananukia mno, kiasi kwamba mvulana aliye kando yake anapambana na nafsi yake asimwue mbele ya darasa zima. Aibu ya kijana mgeni na hatari ya kifo zimekaa ndani ya ishara zile zile: ngumi, kiti, pumzi iliyobanwa. Ukisoma mara ya kwanza unaona aibu. Ukirudi baada ya kujua Edward ni nani, unaona mauti, na hakuna herufi iliyobadilika.

Hicho ndicho kipimo changu. Mapenzi ya vampaya yana zawadi ambayo mapenzi mengine ya vitabuni hayana: dalili za hofu na dalili za mahaba ni zile zile. Moyo unakwenda mbio, kiganja kinatoka jasho, pumzi inakatika. Sentensi nzuri ya utanzu huu huziacha dalili hizo ziseme mambo mawili kwa pamoja. Sentensi mbaya huchagua moja, ikaitangaza.

Nitunge mfano wangu mwenyewe ili nisimwonee mtu. Mwandishi mmoja anaandika: "Alikuwa mzuri ajabu, mzuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na nilijua nitampenda milele." Mwingine anaandika: "Alinishika kifundo cha mkono, kidole gumba kikatulia pale mshipa unapopiga, akanyamaza kama mtu anayehesabu." Wa kwanza amenipa taarifa mbili ambazo sina njia ya kuzithibitisha. Wa pili hajataja uzuri, wala mapenzi, wala hofu, na tayari nataka kuuvuta mkono wangu. Pengine sitaki. Hapo ndipo hadithi ilipo.

Sasa kwa kipimo hicho hicho, Twilight inaanguka vibaya, na inaanguka mahali pamoja mara nyingi: uzuri wa Edward. Marumaru, sanamu, malaika, uso usio na kasoro, sauti isiyo na kasoro, kisha uso tena. Tatizo langu na maneno hayo si kwamba ni mengi au ni ya chuku. Mahaba hayajawahi kuogopa chuku, na ushairi wa mapenzi popote duniani ungekufa bila chuku. Tatizo ni kwamba neno "kamilifu" halina mahali pa kushika. Ukishamwita mtu kamilifu, huna la kuongeza ila kulirudia, na mwili uliokuwa na ngumi na pumzi darasani unageuka picha ukutani. Hatari inaondoka pamoja na mwili.

Najua utetezi unaokuja: msimulizi ni binti wa miaka 17 aliyependa, na binti aliyependa ndivyo anavyozungumza. Utetezi huu ni wa kweli nusu, na nusu hiyo inastahili kusemwa kwa heshima. Nafsi ya kwanza inaruhusu ujinga, kigugumizi, kurudiarudia. Hatumdai Bella aseme kama profesa. Lakini msimulizi ana haki ya kutojua, mwandishi hana. Katika darasa la biolojia Meyer anajua asichokijua Bella, na ndani ya pengo hilo msomaji anapata pa kusimama na kutetemeka. Kwenye kurasa za marumaru pengo limezibwa. Mwandishi naye amependa, anatazama kwa macho yale yale ya Bella, na hakuna mtu mzima aliyebaki chumbani.

Kuna lawama moja ninayoikataa kabisa, ile ya kuhesabu mara ambazo macho ya Edward yanatajwa. Macho ya vampaya hawa huwa meusi wakiwa na njaa, huwa na rangi ya asali wakiwa wameshiba damu ya wanyama, na huwa mekundu kwa wanaokunywa damu ya watu. Msomaji anafundishwa kuyasoma, na baada ya sura chache neno moja la rangi linatosha kumtia taharuki bila maelezo mengine. Huo ni uchumi wa maneno. Mhakiki anayeona marudio tu hapo hakuwa makini.

Vielezi vinavyoning'inia kwenye kila "alisema", wahusika wanaonong'ona, kuguna na kufoka pale ambapo kusema kungetosha, hayo ni makosa kweli, lakini ni makosa ya uhariri, na yamejaa pia katika riwaya za kijasusi za wanaume wazima ambazo hakuna anayezicheka.

Turudi kwenye ufundi. Katika New Moon, kitabu cha pili, cha mwaka 2006, Edward anamwacha Bella, na kinachofuata ni kurasa tupu, kila moja ikiwa na jina la mwezi tu: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Yule mwandishi anayelaumiwa kwa maneno mengi ameacha kuandika, na hakuna aya ya majonzi ingeweza kunieleza vizuri zaidi kwamba msimulizi huyu hayupo. Kisha, kwa bahati mbaya, maelezo yanarudi, na Bella anatueleza tena na tena juu ya shimo lililo kifuani mwake. Kurasa tupu zilikuwa zimeshanionyesha shimo hilo. Natamani mhariri angesimama kidete hapo.

Wanaodhani utanzu huu ulizaliwa mwaka 2005 wamsome Sheridan Le Fanu wa Ireland. Carmilla ilichapishwa kati ya 1871 na 1872, miaka 25 kabla ya Dracula, riwaya maarufu ya vampaya ya Bram Stoker, na msimulizi wake, Laura, ni msichana aliyekulia kwenye ngome ya upweke, anayetembelewa na msichana mwenzake asiyekula chakula cha kawaida wala kuonekana asubuhi. Laura anakiri kwamba alimpenda Carmilla karibu kumwabudu, na wakati huo huo alimchukia. Anayasema yote mawili kwa mkupuo, bila kuamua. Anachoshindwa kukitaja ndicho kinachomuua taratibu. Kurasa za Le Fanu ni chache, na pengo kati ya anachojua Laura na anachojua mwandishi halizibwi kamwe. Kwa upande mwingine, nathari mbovu ya vampaya nayo ni ya kale: Varney the Vampire ilitoka Uingereza kila wiki kwa peni moja kati ya 1845 na 1847, ikafika zaidi ya sura 200, na nyingi kati ya hizo ni maneno ya kujaza ukurasa. Lawama ya urefu usio na kazi basi si lawama ya wasichana wala ya karne hii.

Katika vitabu vya vijana vya zama zetu, The Silver Kiss ya Annette Curtis Klause, ya mwaka 1990, ni kitabu ambacho ningependa kila mwandishi wa utanzu huu akisome kwanza. Mama yake Zoe anakufa kwa saratani. Ndipo anapotokea Simon, asiyeweza kufa. Klause haandiki insha juu ya kifo. Sentensi zake ni fupi, zina baridi ya nyumba ambayo mtu mmoja amelazwa hospitali na waliobaki hawazungumzi. Vampaya anapata uzito kwa sababu tayari kuna mauti ndani ya nyumba.

Vampire Academy ya Richelle Mead, ya mwaka 2007, ina nathari nyepesi zaidi, na wepesi huo unafanya kazi. Rose, msimulizi, ana mdomo mkali na anajitetea kwa utani. Mapema kabisa anamtolea damu rafiki yake Lissa, ambaye ni vampaya, kwa kuwa wako mafichoni na hakuna mwingine wa kumlisha. Kung'atwa kunampa raha kubwa, na katika jamii yao raha hiyo ni fedheha. Sauti yake ya majigambo inayumba kidogo hapo, na kuyumba huko kunaeleza mengi kuliko ungamo refu. Halafu Holly Black, katika The Coldest Girl in Coldtown ya mwaka 2013, anaanza na Tana akiamka ndani ya bafu baada ya sherehe, nyumba kimya, wenzake wamekufa. Black anamwacha aone vitu kimoja kimoja kabla ya kuelewa, na vampaya mzuri anapotokea, yuko kwenye minyororo. Uzuri umepewa chuma cha kugonganisha. Kwangu mimi hii ndiyo nathari bora zaidi ya kundi zima la vitabu vya vijana nilivyovitaja.

Lakini hoja yangu kuhusu pengo inathibitishwa na Meyer mwenyewe, na hili wahakiki wake hulipita. Sehemu ya kati ya Breaking Dawn, kitabu cha nne, cha mwaka 2008, haisimuliwi na Bella. Inasimuliwa na Jacob, kijana anayegeuka mbwamwitu, anayempenda Bella na kumwona akiisha siku hadi siku kwa mimba inayomla kutoka ndani. Kwa Jacob, familia nzima ya Cullen inanuka. Harufu yao tamu inamchoma pua. Wale wale wa marumaru! Ghafla wana miili, wanachosha, wanakera, wanachekesha, na Edward anaonekana kwa mara ya kwanza kama mwanamume aliyevunjika badala ya sanamu. Sentensi zinakuwa fupi, zina hasira, zina macho. Mkono ni ule ule, msamiati ni ule ule, kilichobadilika ni kwamba anayetazama hajalewa.

Midnight Sun, iliyotoka mwaka 2020, ilijaribu kinyume chake. Inasimulia upya kitabu cha kwanza kwa sauti ya Edward, kwa kurasa zaidi ya 600. Darasa la biolojia linarudi, safari hii ndani ya kichwa cha anayepanga jinsi ya kuua kila shahidi chumbani, na kurasa hizo za mwanzo zinatisha kwelikweli. Kisha Edward anaanza kueleza kila ngumi na kila pumzi, na ishara zilizokuwa na maana mbili zinabaki na moja. Mimi humwambia anayeanza asome sura ile ya Bella mara mbili, aache maelezo ya Edward.

Katika Breaking Dawn, Bella anaposhika tena usimulizi akiwa vampaya tayari, anaona ndani ya mwanga mweupe rangi zote za upinde wa mvua, na ukingoni rangi ya nane asiyo na jina lake. Ni sentensi ninayoihusudu. Meyer, aliyetumia "kamilifu" kwa kila kitu, hapa amekubali kwamba neno halipo. Baada ya hapo Bella hawezi kuumizwa tena, moyo wake haupigi, na kitabu kinakusanya mashahidi kwa sura nyingi kuelekea vita ambavyo havipiganwi. Namaanisha ninaposema kwamba Twilight na wenzake ni vitabu vya mwandishi mwenye kipaji cha kuona na udhaifu wa kusifu, na sentensi zipi ni za kipaji na zipi ni za udhaifu, nimezitaja.