Maiki Haina Makosa

Haipiti wiki kabla kijana fulani hajaniuliza: "Bro, ninunue maiki gani?" Ana shilingi elfu ishirini alizodunduliza mwaka mzima, ana mistari ya nyimbo imejaa kwenye simu, na amechoka kumlipa prodyusa kwa saa, anataka kurekodi nyumbani. Mimi humuuliza anaishi ghorofa ya ngapi. Wengine huona namchezea.

Simchezei. Mimi nilianzia mtaa wa Umoja, Nairobi, ghorofa ya mwisho, juu yangu mabati tu. Nikashuka Luthuli Avenue, kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki, na Sh18,000 mfukoni, nikarudi na maiki ya kondensa, ile inayodai volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti, kile kifaa kinachounganisha maiki na laptopu, ndipo iamke. Nilikuwa nimesoma kila mahali kwamba wakubwa hurekodi kwa kondensa. Jioni hiyo nikavaa hedifoni, nikaimba beti moja, nikarudisha nyuma nisikilize. Nilikuwa nimenasa watoto wakicheza kibe kwenye ngazi, pampu ya maji ya ploti, presha kuka ya jirani, na mama wa sukuma pale chini akikataa kushusha bei. Yeye ndiye aliyesikika vizuri kuliko sote. Sauti yangu ilikuwa kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka bafuni.

Maiki ile ilifanya kazi yake sawasawa. Kondensa ina sikio jepesi, inasikia hata usichotaka isikie. Ukiwa na chumba kilichotulia ni neema, ukiwa kwenye ploti ya vyumba arobaini ni mmbeya. Ndiyo maana huwaelekeza watu kwenye maiki za dainamiki, jamii ya Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966 na ambayo hadi leo utaikuta kwenye majukwaa na madhabahu za makanisa. Hizo ni viziwi kidogo. Zinataka uzikaribie kama mtu unayemnong'oneza siri, na kelele za mbali hazizishughulishi sana.

Na huko kukaribia, hata kwa kondensa, ni dawa ya bure. Ukisogea kutoka sentimita 30 hadi 15, sauti yako kwenye maiki inapanda kwa takriban desibeli 6, na kelele za ploti zinabaki palepale zilipokuwa. Hakuna programu ya kusafisha sauti itakayokupa kitu kizuri hivyo. Gharama yake ni herufi P. Binamu yangu, anayeimba injili, ana wimbo wenye "Mponyaji" kila baada ya mistari miwili, na kila Mponyaji alikuja na kishindo kama kofi la mlango. Tulikunja henga ya waya ikawa duara, tukaivalisha soksi ndefu ya kike, tukaisimamisha mbele ya maiki kwa upana wa vidole vinne. Kishindo kikaisha. Kwa wiki mbili dada yangu aliitafuta soksi yake.

Sasa tuje kwenye chumba, maana hapo ndipo pesa za vijana hupotelea. Vyumba vyetu vingi ni futi 10 kwa 10, kuta za mawe, sakafu ya simiti. Huwezi kubuni umbo baya zaidi la kusikilizia muziki. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, na kati ya kuta zilizoachana futi 10 wimbi la takriban hertz 56 linaenea kamili, linarudi, linajiongeza. Hiyo ni besi, hapo hapo ngoma kubwa inapokaa. Na kwa kuwa chumba ni mraba, kuta zote nne zinashirikiana kuzidisha noti ileile. Ukisimama karibu na ukuta besi inakumeza. Ukikaa katikati ya chumba, noti hiyo karibu haipo.

Mimi nilikuwa nimeweka meza katikati. Nikawa naongeza besi, naongeza, mpaka ikanikolea. Wimbo ukiisha nikauweka kwenye flashi, nikampa makanga mmoja ninayemfahamu, wa nganya, zile matatu za muziki mkubwa. Nilipanda nikijikausha, nikakaa kiti cha nyuma nione watu watakavyotikisa vichwa. Biti ilipoingia, vioo vilitetemeka na sauti yangu haikusikika hata neno. Mzee aliyekaa kando yangu aliziba sikio moja kwa kidole. Makanga akarukia wimbo unaofuata bila hata kunitazama. Tangu siku hiyo besi naipima kwa hedifoni, na kabla ya kumpa mtu wimbo lazima kwanza niusikie ndani ya gari.

Kuhusu trei za mayai nitasema kwa kifupi kwa sababu nimechoka. Hazizuii sauti. Zile kona zake zinapunguza makali kidogo kwenye sauti za juu, besi inazipita kama hazipo, na jirani atakusikia vilevile. Halafu ni karatasi kavu iliyogandishwa ukutani karibu na nyaya. Foma nyembamba nazo ni kama trei, ila ghali. Watu huchanganya mambo mawili: kufyonza mwangwi ndani ya chumba na kuzuia sauti isitoke au isiingie. La kwanza unaliweza. La pili linataka uzito, ukuta juu ya ukuta na milango isiyo na upenyo, na hakuna mwenye ploti atakayekuruhusu.

Nenda Gikomba, ununue blanketi nzito za mitumba, zile zinazokuchosha kuzibeba. Zining'inize nyuma yako unapoimba, si mbele tu, kwa sababu maiki inakutazama wewe na kilicho mgongoni mwako. Simamisha godoro kwenye kona. Kabati la nguo lililojaa, milango ikiwa wazi, ni chumba cha sauti kizuri kuliko vingi nilivyolipia. Ukionekana kichekesho, vumilia. Genge, ule mtindo wa rap wa Nairobi, lilitokea mtaani California, kule Eastleigh, hadi studio ya Calif Records ikabeba jina la mtaa huo. Nyimbo zake zilichezwa Kenya nzima, na sijasikia mtu akiuliza ukuta ulifunikwa na nini.

Linalobaki ni saa. Nilijaribu usiku wa manane kama kila mtu. Kanuni za kelele za Kenya zinabana zaidi usiku, na hata zisingekuwepo, bado kuna majirani. Shosho wa chumba cha pili alinisubiri asubuhi moja kwenye mfereji, akaniambia kwa upole: "Mjukuu wangu, huyo Mungu umemwita mara arobaini jana. Hajakusikia bado?" Nikaomba msamaha. Siku hizi narekodi Jumanne au Jumatano, kuanzia saa nne asubuhi: watoto wako shule, watu wazima kazini, matatu zimepunguza honi. Kukiwa na mvua sijisumbui. Chini ya mabati hakuna ujanja.

Kisha kuna stima. Soketi zetu nyingi hazina waya wa ardhini wa kuaminika, kwa hiyo laptopu ikiwa kwenye chaja unasikia mvumo wa chini, hertz 50, kama nyuki kwenye mtungi. Chomoa chaja, mara nyingi unakoma. Hilo nililijua. Nilichochelewa kukijua ni kwamba stima ya mtaa mzima ikipotea, vinapotea pia friji, redio, pampu, mashine ya posho na fundi wa kuchomelea milango. Juzi tulikuwa na binamu tunahangaika na ile beti ya Mponyaji, taa ikazima. Akavua hedifoni akisema basi, turudi kesho. Nikamwambia avae. Kadi ya sauti inakula umeme wa laptopu, na laptopu ilikuwa na asilimia 61. Umoja nzima ilikuwa imenyamaza, hata ningesikia mtu akikunja gazeti ghorofa ya chini. Akaimba mara ya kwanza, akaimba ya pili. Katikati ya tatu, kinyozi wa kona akawasha jenereta.

Tulitumia ya pili.