Bei ya jumla mtandaoni ni bei ya nani?

Wafanyabiashara wenzangu, mnaziamini bado zile bei? Unaona kikombe dola 1, unaagiza katoni 50 kutoka Yiwu, China. Benki inakata ada ya kutuma. Benki ya katikati, hata hujui iko wapi, nayo inamega. Mzigo mwepesi, lakini msafirishaji anapima ujazo: unalipia hewa iliyomo ndani ya vikombe! Ukifika Bandari ya Dar es Salaam, ushuru wa forodha, kisha VAT 18% inayopigwa juu ya bei, nauli, bima na ushuru wenyewe. Kodi juu ya kodi! Wakala anataka chake. Karatasi moja ikichelewa, tozo ya kuhifadhi mzigo inahesabu siku. Kwa nini hayo yote hayaandikwi pale pale penye bei? Vikombe nimeuza vyote. Faida iko wapi?