Mahakama iende alipo mtoto

Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwarudisha nyumbani askari 60 wa kulinda amani wa Tanzania kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, baada ya uchunguzi wa awali kuonyesha ushahidi wa unyanyasaji wa kingono dhidi ya watu 4. Habari za namna hii zikitokea, wengine husema jeshi limechafuliwa, wengine husema limejichafua. Suala la kesi kusikilizwa wapi huwa halipati wasemaji.

Miaka saba kabla, mwaka 2016, MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ilitangaza kupokea tuhuma dhidi ya askari wa kikosi cha Tanzania katika kijiji cha Mavivi, karibu na Beni, mashariki mwa nchi hiyo, zikiwemo za kulala na wasichana walio chini ya umri. Lakini doa hili si la Tanzania peke yake. Mwaka 2007 Sri Lanka ilirudishiwa askari wake zaidi ya 100 kutoka Haiti kwa tuhuma za kuwatumia watoto kingono. Shirika la habari la AP lilipofuatilia mwaka 2017, halikukuta hata mmoja aliyefungwa jela.

Wanaotetea utaratibu wa sasa, ambapo nchi iliyotuma askari ndiyo yenye mamlaka ya kumshtaki, wana hoja nzito. Mwaka 2014 mahakama za Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, zilikuwa zinafanya kazi kwa jina tu. Hakuna serikali itakayotuma vijana wake misheni ikijua wanaweza kuozea gerezani ugenini kwa kesi iliyoendeshwa ovyo. Halafu kuna damu. Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa katika kambi ya Semuliki, eneo lile lile la Beni, na ndugu zao wana haki ya kukasirika jina la kikosi kizima likiburuzwa kwa makosa ya wachache. Nakubali: askari wa Tanzania ashtakiwe na Tanzania.

Ashtakiwe wapi, ndipo tunapoachana. Mtu akisema kesi isikilizwe kule kule kwenye misheni, anaonekana anataka kuwakabidhi vijana wetu kwa wageni. Si hivyo. Baada ya kashfa za ngono za walinda amani Kongo, Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, alimpa Mwanamfalme Zeid wa Jordan kazi ya kulichunguza suala hilo, na ripoti yake ya mwaka 2005 ilipendekeza nchi zinazotuma majeshi ziendeshe mahakama zao za kijeshi pale pale kosa lilipotendeka. Jaji ni wako, sheria ni yako, mshtakiwa ana wakili wa kwao. Kinachohama ni meza na viti.

Meza hiyo inabeba mengi kwa sababu shahidi ni mtoto. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kwanza kusema ukweli na si uongo, na katika makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mtoto huyo peke yake ikimwamini. Kumwamini ni kumwona: anavyonyamaza, anavyojibu akiulizwa swali la mtego. Jaji aliyeko Dar es Salaam na jalada la karatasi hana cha kuona.

Sasa fikiria mtoto huyo anajua nini. Jina halisi la askari halijui. Anajua jina la utani, geti gani, zamu ya saa ngapi, biskuti za kwenye pakiti ya rasheni alizopewa. Vitu hivi vinathibitika haraka au havithibitiki kabisa, kwa maana vikosi hupokezana, geti linahamishwa, daftari la zamu linaondoka na kikosi. Wakati huo mtoto ameshahojiwa na mfanyakazi wa shirika, na mchunguzi wa Umoja wa Mataifa, kisha na mpelelezi kutoka nchi ya mtuhumiwa, kila mmoja na mkalimani wake. Anasimulia tena na tena, na kila tofauti ndogo ni zawadi kwa wakili wa utetezi.

Hapo ndipo kesi ya Ufaransa ilipofia. Watoto wa kambi ya wakimbizi wa ndani ya M'Poko, uwanja wa ndege wa Bangui, walieleza kuwa askari waliwanajisi kwa kuwapa chakula. Askari hao walikuwa wa operesheni ya Ufaransa yenyewe, si wa Umoja wa Mataifa. Anders Kompass, ofisa wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa aliyeifikisha ripoti ya maelezo hayo kwa Wafaransa mwaka 2014 alisimamishwa kazi, akaja kusafishwa baadaye. Januari 2018 majaji wa Paris walifunga jalada bila kumshtaki mtu, wakisema maelezo ya watoto yanatofautiana. Siwalaumu sana majaji wale. Walichokuwa nacho mezani ni karatasi, na karatasi zilitofautiana kweli.

Wanaosema haiwezekani waitazame Kavumu, Kivu Kusini, huko huko Kongo. Wasichana wadogo, wengine wachanga, walikuwa wakiibwa usiku majumbani na kubakwa. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilikaa Kavumu kwenyewe, mashahidi wakiwa wamefunikwa na sauti zao zimebadilishwa, na watu 11 wakahukumiwa kifungo cha maisha, akiwemo mbunge wa jimbo. Washtakiwa walikuwa wanamgambo, na mashirika ya nje yalisaidia, hilo nalikubali. Lakini majaji walikuwa maofisa wa jeshi la nchi maskini iliyo vitani.

Mahali peke yake hapatoshi. Mwaka 2012 Pakistani iliendesha mahakama yake ya kijeshi Haiti dhidi ya polisi wake wawili kwa kumbaka mvulana wa miaka 14. Wakapewa mwaka mmoja jela, na serikali ya Haiti haikuarifiwa kabla. Kwa hiyo milango iwe wazi, na adhabu iwe ile ile ambayo mbakaji wa mtoto angeipata Morogoro: miaka 30, au maisha.

Tuhuma za Mavivi zilikuwa pia na madai ya ubaba. Watoto waliozaliwa kipindi kile sasa wamefikia umri wa shule ya msingi, na vinasaba havisahau wala havihitaji mkalimani. Jeshi likitaka kuanza na kesi isiyotegemea kumbukumbu ya mtoto, lianzie hapo.