Babu Yako Alizaliwa Nchi Gani?

Juzi mdogo wangu, binti wa baba mdogo, alirudi kutoka ofisi moja hapa Dar ambayo sitaitaja, machozi yanamlengalenga. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa, barua ya serikali ya mtaa, na mama yake mzazi amekaa naye kwenye benchi. Afisa akaona neno "Kigoma" kwenye fomu, akavua miwani, akauliza: "Babu yako alizaliwa nchi gani?"

Swali tamu hilo! Babu yetu alizaliwa Ujiji mwaka 1918. Wakati huo Kigoma na Ujiji zilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, waliomtimua Mjerumani mwaka 1916 na kumkabidhi Mwingereza 1921. Kaka yake alizaliwa kwa Mjerumani, yeye kwa Mbelgiji, mdogo wao kwa Mwingereza. Nyumba ileile, mwembe uleule. Haya, afisa, andika unachotaka.

Jioni kijiweni, kabla kahawa haijapoa, jamaa mmoja akamtaja mwanasiasa fulani: "Huyo urais asahau, wazee wake wa kuja." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Ibara ya 39 ya Katiba inataka rais awe raia wa kuzaliwa, awe na miaka 40, pamoja na masharti mengine. Neno "babu" halimo. Lakini mtu wetu akisikia "kuzaliwa" anaelewa "ukoo", na hapo ndipo ninapochoka.

Kwani tumesahau ya jirani? Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, alizaliwa Lubwa, Chinsali, mwaka 1924. Baba yake alikuwa mwalimu na mhubiri aliyetoka Nyasaland, Malawi ya leo. Alipozaliwa hapakuwa na Zambia wala Malawi. Zote mbili zilipata uhuru mwaka 1964, Kaunda akiwa na miaka 40. Mtoto kaitangulia nchi! Akaiongoza miaka 27, sisi huku tukijenga naye reli ya TAZARA. Mwaka 1991 akashindwa uchaguzi na Frederick Chiluba, akaondoka Ikulu kwa amani. Alipotaka kurudi ulingoni, mwaka 1996 Katiba ikabadilishwa: mgombea urais lazima wazazi wake wote wawili wawe Wazambia kwa kuzaliwa au kwa nasaba. Wazazi waliozaliwa wakati hakuna Zambia, wawe Wazambia kwa kuzaliwa! Haikuishia hapo. Mwaka 1999 Mahakama Kuu kule Ndola ikatamka kwamba mzee huyo hana uraia wowote. Mkunga akaambiwa hana undugu na kichanga. Uraia wake alikuja kurudishiwa alipokata rufaa.

Kaunda hakuwa malaika, najua. Chama kimoja alikileta yeye mwenyewe na wapinzani walikiona cha moto. Lakini mtu mbaya unamkataa kwenye sanduku la kura, humfukui baba yake kaburini. Halafu, ukishachimba shimo, nani anajua atakayetumbukia? Rais Sata alipofariki Oktoba 2014, makamu wake Guy Scott, mzaliwa wa Livingstone, alikaimu urais miezi mitatu, lakini kugombea hakuweza: wazazi wake si wa pale. Kifungu chenyewe kikaja kuondolewa mwaka 2016. Miaka ishirini ya ujinga.

Côte d'Ivoire nao walimfungia Alassane Ouattara kwa maneno hayohayo ya wazazi, nchi ikapasuka vipande viwili. Leo aliyefungiwa mlango yuko ndani ya Ikulu na kutoka hataki. Mwaka 2025 kagombea muhula wa nne. Congo wapo wabunge waliotaka sheria ya "baba na mama", na kila mtu Lubumbashi alijua mlengwa ni mwanasiasa Moïse Katumbi, ambaye baba yake alikuwa na asili ya Kigiriki. Na sisi tusijifanye watakatifu: mwandishi wa habari Jenerali Ulimwengu alikuwa ameshakuwa mbunge, anamiliki gazeti lenye makali, ndipo mwaka 2001 serikali ikasema si raia. Walipokuwa wanampa ubunge walikuwa hawajui kusoma?

Haya, nakubali, shingo upande: aliyepata pasipoti mwaka jana asije kutuongoza mwaka huu. Lakini hata neno lenyewe majirani hatujaelewana. Mtoto wa Mkenya akizaliwa Muscat, kwao ni raia wa kuzaliwa. Mtoto wa Mtanzania akizaliwa wodi hiyohiyo, kitanda cha pili, kwetu ni raia wa kurithi. Huyo wa kwetu akirudi ana wiki mbili, akalishwa uji wa Manzese mpaka akaota ndevu, urais hauoni. Ila jamaa wa kijiweni hana shida naye. Babu yake si wa mpakani.

Binti kaambiwa arudi Jumatatu na shahidi aliyemfahamu babu. Aliyemfahamu mtu wa 1918! Tumempata mzee mmoja Mbagala, ana miaka tisini na kitu, sikio moja ndilo linalofanya kazi. Bajaji tumeshamkodia. Kasharti kake ni kamoja tu: asiulizwe yeye alizaliwa wapi.