Mwanamke aliyemaliza kuzaa naye apigiwe simu

Serikali ya Tanzania na wadau wake wanajua kumfikia mwanamke kwa simu anapokuwa mjamzito. Mwaka 2012 ulianza mpango wa Wazazi Nipendeni, ujumbe mfupi wa bure uliomkumbusha mama tarehe ya kliniki na dalili za hatari. Leo m-mama, kwa namba 115, humtafutia usafiri wa dharura mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga. Ni kazi njema, na imeokoa watu. Lakini mwanamke huyohuyo akifika miaka 48 na kukaribia ukomo wa hedhi, jasho likimwamsha saa nane za usiku, siku zake zikiruka miezi miwili na kurudi nzito kuliko zamani, hakuna anayemtumia ujumbe.

Hata takwimu zinamwachia njiani. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022, ambao mipango mingi ya afya ya wanawake huuegemea, uliwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Hedhi ya wanawake wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Kwa hiyo dodoso linafungwa katikati ya kipindi chenyewe, na mwanamke wa miaka 50 haulizwi kitu. Hatujui analala saa ngapi, anavuja damu kiasi gani, amepima presha lini. Kikomo hicho cha miaka 49 kiliwekwa kwa sababu watafiti wanahesabu uzazi, na kwa kazi hiyo kinafaa. Shida inaanza pale bajeti inapofuata takwimu: asiyehesabiwa hapangiwi muuguzi, wala dawa, wala mafunzo. Na huyu ana miaka mingi mbele yake, miaka ambayo homoni ya estrojeni imeshuka, mifupa inapungua uimara na hatari ya maradhi ya moyo inapanda.

Ndiyo maana wazo la kumhudumia kwa tiba mtandao, yaani huduma ya afya kwa simu au intaneti, linastahili kusikilizwa vizuri kuliko linavyosikilizwa sasa. Wengi wakilisikia wanafikiria simu janja, bando na daktari wa Masaki anayelipwa kwa kadi. Wanasema ni huduma ya wenye nacho, na kwamba mwanamke wa Namtumbo mwenye kitochi hatanufaika. Wakiizungumzia programu ya simu ya kulipia, wana haki. Lakini kitochi kinapiga simu, na Wizara ya Afya tayari ina namba 199 isiyokatwa salio.

Hoja nzito zaidi ni ya madaktari: huwezi kumtibu mtu ambaye hujamgusa. Kwa magonjwa mengi nakubali. Ila ukomo wa hedhi ni mojawapo ya mambo machache ambayo maelezo ya mwenyewe ndiyo kipimo. Mwongozo wa kitabibu wa Uingereza wa 2015 unasema mwanamke aliyezidi miaka 45 mwenye dalili zake za kawaida atambuliwe bila kupimwa homoni, kwa sababu katika kipindi hicho homoni hupanda na kushuka na jibu la maabara linaweza kupotosha. Anachohitaji ni mtu wa kumuuliza siku zilibadilika lini, joto linampanda mara ngapi, usingizi ukoje, tendo la ndoa linamuuma au la. Maswali hayo hayahitaji kitanda cha uchunguzi. Tena mama mtu mzima anaweza kuyajibu kwa uhuru zaidi akizungumza na muuguzi asiyemwona kuliko akiketi mbele ya kijana wa umri wa mwanawe, mlango ukiwa wazi na foleni ikisikiliza.

Siri, hata hivyo, ina pande mbili. Simu nyingi ni za familia, na mume au mtoto anaweza kupokea. Kwa hiyo apige yeye, saa anayoitaka, na asitumiwe ujumbe wa kumrudia bila ridhaa yake.

Halafu kuna damu. Mwanamke aliyekaa miezi 12 bila hedhi akaona damu, hata tone, lazima achunguzwe. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2018 zilionyesha kwamba karibu 9 kati ya kila wanawake 100 wenye hali hiyo walikutwa na saratani ya mji wa mimba. Ongeza saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ambayo haionekani kwa simu. Wapinzani hulitaja hili kama hoja ya kufunga mjadala. Mimi naliona upande wa pili: nani atamwambia kwamba damu hiyo si siku zake zilizorudi? Anayeisubiri iishe yenyewe nyumbani anapoteza miezi. Sauti moja ya kumwambia "nenda kituoni wiki hii, usisubiri" ingemfikisha mezani kwa daktari mapema.

Kinachonitia hofu kweli ni soko. Mtandaoni tayari zimejaa dawa za kusawazisha homoni, zinazotumwa kwa basi na bodaboda na wauzaji wasioulizwa cheti. Tiba ya homoni yenyewe, inayorudishia mwili homoni zilizopungua, inataka mazungumzo ya makini: utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu tiba hiyo uliosimamishwa 2002 uliwatisha wanawake kote duniani, ingawa washiriki wake walikuwa na wastani wa miaka 63 na ongezeko la saratani ya matiti lilikuwa takriban wagonjwa 8 kwa wanawake 10,000 kwa mwaka. Hayo huwezi kuyaeleza kwenye tangazo la Instagram. Huduma rasmi ikichelewa, wauzaji hao ndio watakaoendelea kujibu maswali ya mama zetu.

Kwa kuanzia ingetosha kuwafundisha wauguzi wakunga wachache kwenye 199, wawe na orodha ya maswali na orodha ya wanaopelekwa zahanati bila kuchelewa: wenye damu, wenye uvimbe kwenye titi, na wote ambao hawajapima presha mwaka huu. Na utafiti ujao wa kitaifa uongeze umri wa wanaohojiwa hadi 60.