Ngoja ngoja huumiza vidole

Jumamosi iliyopita nilikuwa harusini Kimara, na kama kawaida yangu siku hizi sikumtazama bibi harusi wala keki. Nilimtazama mpiga solo. Bendi ilipopumzika watu wapate kula, nikamfuata nyuma ya spika, nikamkuta na sahani yake ya pilau. Ni mtu mzima, nikamwamkia kwa heshima zote. "Shikamoo baba. Mimi najifunza gitaa, huu ni mwezi wangu wa kumi na moja. Lile chemko la mwisho, mkono wako wa kulia unafanyaje mpaka unakimbia vile?"

Akatafuna, akameza, akanitazama kuanzia viatu.

"Marahaba. Mwanangu, haraka haraka haina baraka. Wewe piga polepole. Miaka mitano hivi. Kasi itakuja yenyewe."

Itakuja yenyewe! Kama mvua za vuli. Na vuli yenyewe siku hizi haina uhakika.

Mimi nina miaka 37. Kwa hesabu za mzee, nikiwa mtiifu, nitaruhusiwa kukimbia nikiwa na 42, labda na miwani ya kusomea. Sina ugomvi naye, aliniambia alichoambiwa. Ugomvi wangu ni na hiyo methali, ambayo kila mwenye gitaa mjini hapa ameimeza nzima nzima. Anayeniuzia nyuzi Kariakoo ameniambia. Jamaa wa kwaya ameniambia. Mke wangu, ambaye hajui uzi wa kwanza ni upi na wa sita ni upi, naye ameniambia, ingawa nadhani yeye alikuwa anazungumzia kelele. Wote wanasahau kwamba Kiswahili hicho hicho kina ngoja ngoja huumiza matumbo. Wahenga walituachia methali mbili, sisi wapiga gitaa tukachukua moja tu, ile ya kukaa.

Ninachotaka mimi ni solo za mbio. Zile ambazo watu wa roki wanaziita shredi: Eddie Van Halen alivyowaacha watu midomo wazi mwaka 1978, na Yngwie Malmsteen wa Sweden miaka michache baadaye. Na kabla hujaniambia hizo ni kelele za Wazungu zisizo na hisia, kumbuka Diblo Dibala, mpiga solo wa Kongo, alipewa jina la utani la "Machine Gun", na hakupewa kwa sababu ya upole. Sebene lake likianza, hao hao wanaosema kasi haina moyo ndio wa kwanza kuvua koti.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye hasira yangu.

Miezi mitano ya mwanzo nilikuwa mwanafunzi mtiifu kupita kiasi. Nilipewa zoezi ambalo wengi wanaoanza hupewa: skeli, yaani ngazi ya nota, nota tatu kwa kila uzi, unapanda nyuzi zote sita na kushuka. Metronomu ya kwenye simu, ile inayokugongea mapigo, ikiwa kwenye mapigo 60 kwa dakika, nota nne kwa kila pigo. Hiyo ni nota nne kwa sekunde. Wiki hii mapigo 60, wiki ijayo 62, wiki nyingine narudi nyuma kidogo kwa adabu. Nikafika 92. Na pale 92 nikagota. Miezi mitatu mizima. Kila nikigusa 94, mkono wa kulia unakwama kama daladala kwenye tope, kiwiko kinakauka, bega linapanda mpaka sikioni. Nikauliza nifanyeje, nikajibiwa mnachokijua: rudi polepole.

Nikarudi. Na kule polepole kila kitu kilikuwa safi! Hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Kama kosa halionekani polepole, nitalirekebisha vipi polepole?

Piga hesabu. Kwenye mapigo 60, kila nota ina robo sekunde. Robo sekunde kwa mkono ni muda mwingi mno. Mkono unaweza kwenda sokoni na kurudi na chenji. Piki, kile kidude cha kupigia nyuzi, izame ndani ya nyuzi, kifundo kinyanyuke, mkono mzima uruke kwenda uzi wa pili, bado utafika kwa wakati na metronomu itakupongeza. Mwendo wowote, hata wa kipuuzi, unafanya kazi kwenye mapigo 60. Kwa hiyo miezi mitano nilikuwa nakariri, kwa bidii na kwa usafi, mwendo ambao hautakaa ukimbie. Watu husema polepole inafichua makosa. Ya mkono wa kushoto, ndiyo. Ya mkono wa kulia inayafunika gubigubi.

Kosa lenyewe, nililokuja kulijua kwa bahati tu, ni hili. Piki haiingii kwenye uzi ikiwa imesimama wima, imelala kidogo. Kwa ulalo wa mkono wangu, nikipiga kwenda chini, ncha inaishia katikati ya nyuzi mbili, imefungiwa kama mbuzi zizini. Nikipiga kwenda juu, inatoka nje, iko huru kwenda uzi wowote inaoutaka. Sasa chukua lile zoezi la nota tatu: chini, juu, chini. Umeishia wapi? Zizini. Ili uende uzi unaofuata lazima uruke ukuta. Polepole unaruka bila hata kujua kwamba umeruka. Kwenye mapigo 120, ambapo nota ni nane kwa sekunde, hakuna nafasi ya kuruka ukuta wowote. Piga nota nne kwa kila uzi badala ya tatu: chini, juu, chini, juu. Kila unapohama uzi uko nje tayari. Mtazameni Malmsteen mkono wa kulia, mara nyingi anahama uzi baada ya pigo la juu. Yaani zoezi tunalowapa watoto wa mwezi wa kwanza ni mtego, na tunawaambia kosa ni lao, hawana subira.

Mimi nililigundua kwa hasira. Usiku mmoja, baada ya kushindwa 94 kwa mara ya mia, nilitupa kila kitu nilichofundishwa, nikaacha mkono wa kushoto upumzike, nikatikisa piki kwenye uzi mmoja kwa kasi yote niliyokuwa nayo. Kitoto kabisa. Na mkono ukakimbia! Nikafungua metronomu niupime, ulikuwa unazunguka kwenye mapigo 140. Mkono ule ule ulioshindwa 94. Mbio ilikuwemo siku zote, kwenye mkono huu huu unaopiga mswaki kila asubuhi. Kilichokosekana ni kuukutanisha na mwenzake wa kushoto.

Bibi yangu alinifundisha kupeta mchele nikiwa na miaka tisa. Hakuniambia nipete polepole miaka mitano. Huwezi kupeta polepole: ukiutikisa ungo taratibu mchele unakaa, pumba zinakaa, na wewe unakaa unashangaa. Pumba haziruki mpaka kifundo kipate ule mtikiso mfupi wa haraka, kwa hiyo unaanza na mtikiso siku ile ile ya kwanza, unamwaga, unatukanwa, unaokota. Siku ya nne zikaanza kuja mbele zenyewe. Kuruka kamba vilevile. Hakuna mtoto aliyejifunza kamba inayokwenda polepole, ingemwangukia kichwani.

Tena mzee wa Kimara mwenyewe ndiye shahidi wangu. Nilimrekodi kwa simu (nisameheni, nilikuwa nimekaa karibu). Nyumbani nikaipunguza video mpaka robo ya kasi yake. Kwenye chemko, upande wa kiganja umelala juu ya daraja la gitaa, pale nyuzi zinapokalia mwilini mwa gitaa, na piki inasogea upana wa punje ya mchele, basi. Ana pete ya fedha, na pete ile haitembei, inatetemeka tu. Halafu nikatazama wimbo wa taratibu wa kuingiza maharusi. Mkono unabembea upana wa vidole viwili, unatokea kwenye kiwiko, umetulia kama mtu anayepepea jiko. Ni mkono mwingine kabisa! Mtu mmoja, mikono miwili ya kulia. Ule wa mbio hakuupata kwa kuuharakisha ule wa taratibu. Aliupata mahali, labda utotoni, labda kwa kuiga redio usiku, kisha akasahau alivyoupata, na leo anatuuzia subira.

Haya, sawa. Polepole ina kazi yake. Vidole vya kushoto lazima vijue vinakwenda wapi, na hilo halifanywi kwa mbio. Ukiwasha distosheni, ile sauti ya gitaa inayounguruma, nyuzi usizozipiga nazo zinaanza kulia, na kujifunza kuzinyamazisha kwa kiganja ni kazi ya utulivu. Na ndiyo, mwezi wa tisa nilizidisha, kifundo kikaniuma wiki nzima, nikawa nafungua chupa ya maji kwa mkono wa kushoto huku methali ikinicheka. Ikiuma, acha. Nimesema, tuendelee.

Wale wa "kasi ndani ya siku 30" siwatetei. Hao ni matapeli tu. Na vifaa visikupotezee muda wala hela. Gitaa langu ni la mtumba, nyuzi namba 9, zile nyembamba, na piki ya kwanza niliikata kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, si mbaya. Zile piki laini zinazopinda ndizo za kuepuka, kwa sababu zinapinda, zinachelewa kurudi, na wewe unalaumu mkono.

Siku hizi nafanya hivi. Uzi mmoja, wa pili. Nota nne za mbio halisi, ya tano ni kituo: ta-ka-ta-ka-TA. Nasimama, nashusha bega, navuta pumzi, narudia. Haijalishi zikitoka chafu mwanzoni. Zikianza kutua pamoja na vidole vya kushoto, nafanya nane na kituo. Kisha naongeza uzi mwingine. Nikipotea napunguza, lakini napunguza mwendo ambao nimeshauona ukikimbia, si kinyume chake.

Kinachoniuma si miezi yangu mitatu. Ni mpwa wangu. Ana miaka 16, sikio lake ni zuri kuliko langu mara kumi, alianza gitaa kwa sababu alisikia solo moja ya mbio na usingizi ukamruka. Wakampa mapigo 60. Baada ya miezi sita akaniuliza, bila jeuri kabisa, "Mjomba, haya mazoezi yananisubirisha nini?" Sikuwa na jibu, maana wakati ule nami nilikuwa bado nasubiri. Gitaa lake limetundikwa kwenye msumari sebuleni kwa dada. Uzi wa kwanza ulikatika. Wa sita dada ameufungia pazia la jikoni. Mtoto alikuja na moto, tukamwambia auweke nje kwanza, atauchukua baada ya miaka mitano. Tungemwonyesha nota tano tu za mbio siku ya kwanza, chafu, mbovu, zinazokimbia, angelala nalo kitandani.

Jumapili ijayo naenda kwa dada na uzi mpya wa pazia.

Kwangu mimi mambo si makubwa kihivyo, msije mkadhani nimeshakuwa fundi. Nafanya mazoezi usiku bila ampilifaya, na gitaa la umeme lisilochomekwa linatoa sauti fulani ya kukwaruza. Juzi mama mwenye nyumba alinisimamisha koridoni, uso umejaa huruma. "Baba, chumbani kwako kuna panya? Nasikia anatafuna usiku kucha. Halafu anatafuna haraka haraka, akisimama, anaanza tena."

Nikamwambia ndiyo, mama, yupo, namshughulikia.

"Mwezi uliopita alikuwa anatafuna polepole," akasema.

Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo tangu nishike gitaa. Jana nimefika mapigo 126, nota nane na kituo, nyuzi mbili. Mara tatu mfululizo, ya nne vidole vikapoteana. Asubuhi nikakuta mtego wa panya mlangoni, na kipande cha dagaa ndani yake.